Kikanda cha Mamu Mbombo Hakikufika Mputu

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuzungusha vikundi vya ngoma kwenye sikukuu za Ulaya, huniuliza swali lile lile: mtu mwenye nauli ya safari moja tu aende sikukuu ipi? Huwa sijibu haraka. Ukitaka kucheka, nasema, nenda Hispania mwezi wa nane, kwenye mji ambako watu wazima wanarushiana nyanya mpaka barabara inakuwa mchuzi. Ukitaka kunyamaza, nenda Italia mwezi wa sita, ukaone barabara nzima imetandikwa maua, petali kwa petali, na baadaye maandamano ya kanisa yanapita juu yake na kuyavuruga yote, wala hakuna anayelalamika. Ukitaka kula, ngojea mwezi wa kumi, vilima vya huko vikishaloa, ufuate harufu ya uyoga. Lakini ukiniuliza moyo wangu, nitakutajia mji mdogo wa Ubelgiji, jina lake naliweka kwangu, mji wenye mto wa rangi ya chai. Kila mwezi wa nane wanatoa majitu ya fito na nguo, marefu kupita paa za nyumba, wanayachezesha kwa tarumbeta, na nyuma ya kanisa kuna barabara moja wanayoiita barabara ya vyungu, ambapo wapishi wa nchi mbalimbali wanapika siku tatu mfululizo. Nimefika pale mara nne. Mara zote nne nimelia, na wanamuziki wangu wanadhani ni moshi.

Mamu Mbombo alikufa Jumanne iliyopita, hapa Lubumbashi, baada ya kulalamika kwamba mchuzi aliopewa haukuwa na chumvi. Alikuwa na haki, najua, maana katika maisha yake sikumsikia akikosea habari ya chumvi. Leo mchana nimetoka kilioni kwake, Kamalondo, na viatu vyangu bado viko mlangoni na vumbi lake. Nimekaa kuandika kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kujipamba. Habari za wazazi wangu, nani alimuoa nani na nani alitoka Kasai mwaka gani kuja kufanya kazi gani, nitaziruka. Nataka mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka kumi na tisa, nikipanga chumba kwa Mamu Mbombo na kulipa kwa mikono yangu: namenya, natwanga, naosha vyungu, na kumsomea, kwa sababu Mamu alikuwa anajua kila kitu isipokuwa kusoma.

Chumba changu kilikuwa nusu ghala. Nililala kati ya magunia ya karanga, na mpaka leo nikinusa karanga mbichi napata usingizi. Dirisha langu lilitazama ukuta wa uwanja, ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma uliokuwa na pengo katikati, pana kiasi cha kupitisha mtu mwenye beseni kichwani. Upande wa pili aliishi Mama Ngoie, mjane wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, mrefu, mkavu, wa maneno machache. Kila asubuhi wale wanawake wawili waliosha vyungu vyao kila mmoja upande wake wa pengo, na mimi kitandani niliwasikiliza kama redio. "Mukasai, kikanda yako ya jana ilikuwa muzuri, uliiba siri ya nani?" Mama Ngoie angeuliza. Na Mamu: "Niliiba kwenu, bakatangais, munalala mingi." Halafu kucheka, halafu maji kumwagwa, halafu kimya cha watu waliozoeana. Ile miaka mibaya, Wakasai walipokuwa wanafukuzwa Katanga na watu wanalala stesheni na magodoro yao, Mama Ngoie ndiye aliyemficha Mamu nyumbani kwake, wiki baada ya wiki, nyuma ya kabati. Pengo lile ukutani lilitobolewa wakati huo, kwa nyundo, ili mtu apite bila kuonekana barabarani. Hayo sikuambiwa na yeyote. Niliyasikia dirishani.

Kikanda, kwa yule asiyekijua, ni chakula cha kwetu Katanga na cha ndugu zetu Wabemba. Viazi vidogo vya maua ya porini vinachimbwa, vinakaushwa, vinatwangwa unga, vinapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi kidogo, unasonga mpaka mkono unakufa, kisha unafunika chungu na kuweka makaa juu ya mfuniko. Kikishaiva kinakatwa vipande kama mkate, kwa ndani kina rangi ya udongo, na kinavutika kidogo kwenye meno. Mwanamke wa Kasai kukipika vizuri kuliko wenyeji ilikuwa kama tusi, na Mamu alilifurahia tusi hilo kila siku. Watu walitoka mbali kuja kula mezani kwake: walimu, mafundi, mapadri, hata mzungu mmoja, Madame Liliane, aliyekuwa amekuja kutafuta wapiga ngoma kwa ajili ya sikukuu ya mji wake. Alikula vipande vinne. Cha tano alikifunga kwenye leso. Miezi miwili baadaye ilifika bahasha yenye kalenda, na katika kalenda, kila mwezi, picha ya sikukuu moja ya Ulaya, na kwenye jalada majitu ya mji wake.

Kalenda ile iliharibu nyumba yetu, na ilikuwa raha tupu. Mamu aliitundika ukutani mahali pa kalenda ya parokia. Jumapili baada ya misa, wateja wakiwa wachache na mvua inapiga mabati, tuliketi chini yake na bakuli la uyoga wa mvua, bukari, yaani ugali, bado inatoa mvuke, na yeye anasema: "Soma." Nasoma maneno ya Kifaransa chini ya picha. "Soma tena." Nasoma tena. Mwezi wa pili ulikuwa Venisi, watu wamevaa barakoa nyeupe wamesimama juu ya daraja katika ukungu, na Mamu aliwatazama muda mrefu mpaka bukari ikapoa. "Bale bantu banajificha nani?" aliuliza. Mwezi wa nane ilikuwa nyanya, yeye hakungoja mwezi ufike, alikuwa anafunua mbele kama mtoto. "Na bakiisha kutupiana nyanya, nani anafagia?" Mwezi wa kumi picha ya mbwa anayefukua uyoga chini ya udongo. "Mbwa! Shiye tunautafuta na macho yetu, na ni sikukuu gani tunafanyiwa?" Lakini sauti yake ilikuwa imelainika. Tulitembea vile, Jumapili baada ya Jumapili, bila kuondoka kwenye viti. Nilikuwa nikifumba macho nasikia tarumbeta, na nikiyafumbua ni mvua na harufu ya Mamu, karanga na sabuni ya bluu, na ningekubali maisha yangu yote yaishie hapo mezani.

Mwezi wa tatu tukapata barua kwenye kompyuta. Wakati ule tulikwenda kila Jumamosi kwenye chumba kimoja cha mjini chenye kompyuta sita na feni moja, ninafungua barua na kumsomea Mamu sikioni, taratibu, ili jirani wa kiti asisikie. Madame Liliane aliandika kwamba barabara ya vyungu mwaka ule ilikuwa na nafasi moja ya mpishi wa Kongo, naye alikuwa amelitaja jina la Mamu Mbombo. Sikukuu ingelipa safari na kushughulikia karatasi zote. Kabla ya kupeleka karatasi kwa konsula, mtu wao angepiga simu kuhakikisha kwamba anakubali. Mamu aliniambia nisome tena. Nilisoma mara tatu. Tulipotoka nje alisimama juani, akashika kitambaa chake kichwani kwa mikono miwili kama mtu anayezuia upepo, na hapakuwa na upepo. "Kapinga," akasema, "mi nitaona yale majitu." Kisha, kabla hatujafika kona, akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. "Na hakuna muntu atajua. Hata muntu moja."

Msomaji wa mbali atashangaa, lakini sisi hatukushangaa hata kidogo. Kwetu anayekwenda Mputu, yaani Ulaya kama wazee wanavyoiita, haagi. Unasikia habari zake akiwa ameshafika, anakupigia simu huku meno yanagongana kwa baridi. Ukitangaza kabla, kuna jicho, kuna mdomo, kuna mtu atakayelala vibaya kwa ajili yako na asubuhi njia yako imefungwa. Mamu alisali rozari na pia aliogopa midomo, na sikuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana, mimi mwenyewe nilikuwa vile vile. Akanifundisha la kusema: mama haendi mahali. Wakikuuliza kwa upole, haendi mahali. Wakikuuliza kwa hila, wakijifanya wametoka kwa konsula, wakijifanya bapadri, haendi mahali. Tulinunua sanduku la safari tukasema ni la mpwa wake wa Likasi. Alipigwa picha ya pasipoti akasema ni ya kadi ya chama cha akina mama. Nilikuwa hodari, nisijinyime sifa hiyo. Nilidanganya wateja, nilimdanganya katekista, na zaidi ya wote nilimdanganya Mama Ngoie, kwa sababu Mama Ngoie aliuliza zaidi ya wote. Aliuliza kwenye pengo la ukuta, macho kwenye chungu chake. "Mutoto, mwenzangu anakwenda?" "Hapana, Mama, haendi mahali." "Mi naona sanduku." "Ni ya mpwa wake." Anasugua chungu. "Kule Mputu baridi ingemuua," anasema, kama vile anasema peke yake, na mimi nakimbia kumpelekea Mamu maneno hayo, na Mamu anauma midomo.

Tulikuwa na simu moja ya mkononi kwa nyumba nzima, nzito, ikiishi ndani ya soksi. Laini yetu ya umeme ilikuwa ikikatwa siku mbili, siku tatu. Nyumba ya Mama Ngoie ilichukua umeme kutoka upande wa reli na haikukatwa sana, kwa hiyo simu ilipita kwenye pengo kwenda kulala kwake na kurudi asubuhi imejaa. Jumatano moja ya mwezi wa tano, baridi ya kwanza ikiwa imeanza, Mamu alikwenda Kasungami alfajiri, simu ikiwa bado kwa jirani, kuchagua viazi vya kikanda walivyoleta wanawake wa njia ya Lukafu. Alitaka vile vizuri kabisa, vya kupeleka Mputu. Mimi nilibaki chumbani nikimenya karanga, dirisha wazi, simu imeshatoka kwa Mama Ngoie asubuhi ile, iko juu ya gunia. Ikalia. Hakukuwa na namba.

"Allô, jambo yenu. Ni kwa Mama Mbombo?" Sauti ya mwanamke mzima.

"Ni kwake. Haiko."

"Weye uko nani?"

"Mutoto wa nyumba."

"Bon. Mutoto, miye napiga huku Belgique, ni kwa ile sikukuu. Nataka kujua tu, mama anakuya, ao hakuyi?"

Nilicheka kimoyomoyo. Belgique! Sauti ile ilikuwa ya Katuba kabisa, mtaa wa hapa hapa kwetu, sauti ya kugombania samaki mbele ya soko. Kama angeniongelesha Kifaransa cha kizungu, chenye pua, ningemwambia ndiyo, Madame, ndiyo, anakubali, asante sana. Lakini alitumia Kiswahili chetu, tena cha uswahilini, na kichwa changu kikaniambia: ni watu wa Mama Ngoie hawa, wametumwa, wanatega. "Haendi mahali," nikasema.

"Haendi? Juu jina yake iko hapa."

"Banamusingizia. Mama haendi Mputu, na hajasema atakwenda."

Nilisikia mlango ukifungwa huko alikokuwa, na mtu akikohoa. "Sikiliza muzuri, mutoto," akasema, na sauti ilikuwa ya huruma, hiyo ndiyo siwezi kuisahau. "Leo njo siku ya mwisho. Niandike kama hakuyi?"

"Andika," nikasema.

Nikarudi kwenye karanga zangu nikiimba. Jioni Mamu alirudi na viazi vyake, amechoka, amefurahi, ananionyesha kimoja kimoja kama mayai, na uwanja ulikuwa umejaa wateja. Safari haikutajwa mbele ya watu. Nikasema nitamwambia kesho namna nilivyomfukuza yule mwanamke, atacheka. Kesho kulikuwa na kazi. Keshokutwa nilikuwa nimesahau, kama unavyosahau nzi uliyemfukuza mezani.

Wiki tatu baadaye, chini ya feni ile ile, nilifungua barua. Naikumbuka ilivyopangwa, mistari yake, mahali aya ilipokatika. Madame Liliane alisema amesikitika lakini anaelewa. Mwenzake wa ofisini, ambaye mwenyewe amezaliwa Lubumbashi, alipiga simu Jumatano ile, akitumia Kiswahili kwa makusudi ili mama ajisikie nyumbani, na msichana wa nyumba alimwambia wazi kwamba mama hatakuja. Nafasi amepewa mpishi mwingine. Mamu alikuwa ameegemeza bega lake kwenye langu. "Soma," akasema. Nilisoma. Nilisoma kila neno, nilisoma mpaka salamu. Mahali pameandikwa msichana wa nyumba nilisoma "mwanamke fulani."

"Mwanamke gani?"

"Haikusema, Mamu."

Aliniambia niandike palepale kwamba si kweli, kwamba yuko tayari, viazi vimeshanunuliwa. Niliandika, na niliandika vizuri mno, machozi yakidondoka kwenye vitufe na mwenye chumba akinitazama kwa hofu ya vitufe vyake. Jibu lilikuja kwamba orodha imefungwa, na kwamba mwaka ujao wamepanga kuchukua wapiga ngoma, si wapishi. Lakini kabla hata ya jibu hilo Mamu alikuwa ameshamaliza hesabu yake. Jumatano. Simu usiku wa kuamkia Jumatano ililala wapi? Kwa Mama Ngoie. Nani aliuliza sana? Nani alisema baridi ingemuua? "Kapinga, weye ulipokea simu ile siku?" aliniuliza mara moja tu, akinitazama usoni, na ninaapa alikuwa ananiomba nimwambie kitu kingine chochote kuliko kile alichokuwa anakifikiri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuwa na mahali pengine pa kulala, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. "Hapana, Mamu," nikasema.

Hawakugombana kwa kelele, ningependa wangegombana. Mamu alisimama kwenye pengo asubuhi, mikono mitupu, bila chungu. "Ngoie, ulishika simu yangu." Mama Ngoie aliinua kichwa. Alimtazama Mamu, kisha, nadhani, alitazama dirisha langu, na nikarudi nyuma kati ya magunia. "Sikushika simu yako," akasema. Basi. Hakuongeza kitu, hakuapa, hakuuliza ni simu gani. Na kimya chake kwa Mamu kikawa ni kukubali, na wateja walipouliza aliwaambia jirani yake ni mchawi, amemfungia njia. Jumamosi hiyo hatukwenda mjini. Mamu aliita mwashi, matofali yakashushwa, na pengo likazibwa. Mimi ndiye niliyempa mwashi matofali. Moja, jingine, jingine, na kwa upande wa pili nilikuwa nikimwona Mama Ngoie ameketi kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti, kwanza mwili mzima, halafu kuanzia kifuani, halafu kitambaa cha kichwa tu. Mwashi alikuwa anapiga mluzi. Kutoka siku hiyo redio yangu ya asubuhi ilikuwa maji tu yakimwagwa, upande mmoja, halafu upande mwingine.

Mwezi wa nane ulifika na nyanya zake kwenye kalenda, na Mamu hakuomba nisome. Viazi vizuri vya Lukafu tulivipika kidogo kidogo kwa wateja wa kawaida, nao walisema kikanda cha siku hizi kina utamu wa ajabu. Mwisho wa mwaka barua nyingine ilikuja, mara hii ilinitaja mimi. Madame Liliane alitaka kujua kama yule binti anayeandika barua nzuri hivyo angeweza kuwasindikiza wapiga ngoma kama mkalimani. Nilimsomea Mamu barua hiyo yote, bila kubadili neno, nikitumaini atakasirika na mimi nipate kulipuka na kusema. Alifurahi. Alifurahi kweli, si kwa kujikaza. Akaniwekea nguo zangu ndani ya sanduku lake, lile la mpwa wa Likasi, akafunga, akakalia juu ili lifungike. "Uyaone majitu muzuri," akasema, "uniambie viatu vyao viko namna gani. Kwa picha habionekane." Na hatukumwambia mtu yeyote.

Kwa hiyo nilikwenda mimi. Nataka nieleze ilivyokuwa mara ya kwanza, kwa sababu sijui mahali pengine pa kuiweka. Ilikuwa saa za mchana, jua jembamba, kengele zinapigwa bila mpango, na majitu yakaja yakiyumba juu ya vichwa vya watu, mfalme, mwanamke mwenye samaki, mzee mwenye ndevu za kamba, sketi zao zikizunguka polepole kiasi kwamba ulidhani ni barabara inayozunguka. Chini ya kila sketi ulikuwa unaona viatu vya mtu anayebeba, viatu vya kazi, vimechafuka. Hayo ndiyo niliyokuja kumwambia Mamu, akacheka mpaka akashika mbavu. Nyuma ya kanisa moshi ulikuwa umejaa barabara ya vyungu, kuna waliopika kome kwa mvinyo, kuna wali wa manjano, kuna keki zinazookwa kati ya vyuma vya moto, zinanuka sukari iliyoungua. Nilitembea toka mwanzo mpaka mwisho, nikarudi, nikahesabu vyungu kama mtu aliyepoteza mtoto. Kila chungu kilikuwa na mwenyewe. Hakukuwa na nafasi tupu, na sijui kwa nini nilitegemea kuiona. Nilimtembelea Mamu kila niliporudi nchini, miaka yote, na kila mara nilipofika mlangoni nilikuwa nimeamua kusema, na kila mara aliniwekea chakula.

Basi leo. Uwanja umejaa viti vya kukodi, wanawake wa Kasai wameketi kwenye mikeka wanaimba kwa zamu, na mtoto mkubwa wa Mamu, ambaye mwaka ule alikuwa shule ya bweni pamoja na wadogo zake, anaita wenye neno la kuaga wajitokeze mmoja mmoja. Ukuta uko pale pale. Mama Ngoie aliingia kwa mlango wa barabara, kama mgeni, ameshikwa mkono na mjukuu. Watu wa nyumba walimpisha lakini hakuna aliyemkalisha mbele, maana wote wamekua na habari kwamba huyu ndiye aliyemfungia mama yao njia. Aliketi nyuma kabisa, juani. Nilitazama kile kitambaa chake cha kichwa juu ya mabega ya watu. Nikaenda, nikapiga magoti kando ya kiti chake. "Mama Ngoie," nikasema, "ile simu, ni miye. Ni miye niliipokea. Nilisema haendi mahali."

Hakushtuka. Alinitazama kwa macho yale ya maji, mepesi, ya mtu wa miaka mingi. "Najua, mwana. Dirisha yako ilikuwa wazi. Nilikuwa naosha chungu."

Sikuelewa mara moja. Miaka hii yote nilifikiri nimeficha kitu. "Ulinisikia? Na hukusema? Mama, alikuita muchawi mbele ya bantu!"

"Nilikusikia vile unasema andika," Mama Ngoie akasema. Aliongea polepole. "Nilijua ni simu ya kweli. Mi nilikuwa najua kila kitu, unafikiri nilikuwa kipofu? Ningeita tu pale kwa ukuta, mutoto, rudisha simu, mwambie anakwenda. Ningeita. Lakini nilikuwa nimeomba Mungu novena mbili asiende. Mwenzangu angekwenda kule, angeona vile bintu vizuri, angerudia hapa kufanya nini? Nikakusikia, njo nikafurahi." Alifuta pua kwa kitenge. "Nilifurahi, Kapinga. Ile siku yote. Sasa alipokuja kuniuliza, ningesema nini? Ningesema sikushika simu, nilifurahi tu?"

Nilikaa chini vumbini na nguo zangu za msiba. Nilikuwa na hasira naye, na haya juu ya hasira hiyo, na nilitamani kumlalia magotini. Nilimwuliza, kama mtoto, tufanye nini sasa. Mbele, mtoto mkubwa wa Mamu alikuwa ameuliza kwa mara ya mwisho kama kuna mwingine mwenye neno, kabla jeneza halijafungwa. Mama Ngoie aliweka mkono wake mkavu juu ya bega langu, akasimama kwa kunisukuma chini, kisha akanivuta mimi juu.

"Tunaenda," akasema. "Utaanza na yako, mi nitamaliza na yangu."

Tulipita katikati ya viti, na watu wakageuka, na nyimbo za mikekani zikakatika moja moja. Nilifika kando ya Mamu Mbombo. Walikuwa wamemvisha kitambaa cha kichwa cha sikukuu, na uso wake ulikuwa na ile dalili ya kukosoa chumvi. Nikafungua mdomo, sauti ikatoka ndogo kama ya panya. "Simu ile," nikasema, "niliipokea mimi."

"Sema na nguvu," Mama Ngoie akanikatiza akiwa ubavuni mwangu. "Kule nyuma habasikie."